Baiskeli ya Changarawe Katika Vilima vya Toscana: Uzoefu Wangu Kutoka Gaiole Hadi Monte Amiata

Huduma ninayoieleza hapa ni ya safari ambayo mteja hujiongoza mwenyewe: anakodishiwa baiskeli ya changarawe, yaani iliyotengenezwa kwa barabara zisizo na lami, anapewa ramani ya njia katika kifaa kidogo kinachofungwa kwenye usukani, analala kila usiku mahali palipokwisha kulipiwa, na mizigo yake inahamishwa kwa gari wakati yeye yuko barabarani. Nilianzia Gaiole in Chianti, mji mdogo wa Toscana, Italia, ulio kaskazini-mashariki ya Siena, nikafuata njia ya kudumu ya L'Eroica, tamasha la baiskeli za zamani, kuelekea kusini hadi mji wa Montalcino, nikaiacha kwa muda ili nipande mlima Monte Amiata, kisha nikairudia na kumalizia nayo. Kampuni niliyoitumia ni ndogo na sitaitaja jina, kwa kuwa kampuni za aina hiyo ni nyingi katika eneo la Siena na mengi nitakayoyasema yanahusu njia na vifaa kuliko ofisi iliyonihudumia.

Nianze na njia, maana ndiyo bidhaa yenyewe. L'Eroica ilianza mwaka 1997 kwa juhudi za Giancarlo Brocci, mtu wa Gaiole, na mwaka huo wa kwanza walijitokeza waendeshaji 92 tu. Lengo lilikuwa kuzilinda barabara nyeupe za changarawe za Toscana zisimezwe na lami, na hadi leo kila Oktoba maelfu ya watu huzipita kwa baiskeli zilizotengenezwa kabla ya 1987. Njia ya kudumu, yenye vibao vyake njiani, iko wazi mwaka mzima bila malipo. Ina urefu wa takriban kilomita 209, zaidi ya 100 kati yake zikiwa hazina lami, na ukijumlisha milima yote utakuwa umepanda zaidi ya mita 3,500. Mwenye nguvu za mashindano anaimaliza kwa siku moja, lakini mimi nashauri igawanywe, kwa sababu anayeikimbilia hatapata nafasi ya kuinua macho kutoka kwenye gurudumu lake la mbele.

Nimekulia penye barabara ya vumbi, ambako wananchi huomba lami kwa miaka mingi, na wana haki ya kuiomba, kwa kuwa mjamzito na gunia la mahindi hupita barabara ileile. Ndiyo maana nilitaka kuelewa jinsi watu wa hapa walivyofikia kutetea vumbi. Nilichokiona ni kwamba kila mji tayari umefikiwa na lami, na hizi nyeupe ni barabara za mashambani zinazounganisha nyumba, mizabibu na mizeituni. Tena zinatunzwa, zinasawazishwa kwa greda, zinamwagiwa changarawe mpya na mifereji yake ya pembeni husafishwa. Barabara ya vumbi inayohudumiwa hivyo ni raha tupu kwa mwendesha baiskeli, na baada ya kuziendesha nakubaliana na Brocci kwa moyo wote.

Sasa vifaa, ambavyo ndivyo vitakavyoamua kama utaifurahia safari au utaivumilia. Milima ya Chianti, eneo la Gaiole, si mirefu, lakini ni ya ghafla na haiishi: unapanda dakika kumi, unashuka mbili, unapanda tena, na mara nyingi mwinuko hufika asilimia 10 na kuzidi. Kwenye lami ungeweza kusimama juu ya pedeli na kuusukuma mlima kwa uzito wa mwili. Kwenye changarawe ukisimama uzito unahamia mbele, gurudumu la nyuma linakosa mshiko na kuzunguka bure, na unalazimika kuteremka. Njia pekee ni kubaki umekaa na kukanyaga kwa gia nyepesi sana. Baiskeli niliyopewa mwanzoni ilikuwa na duara moja la cheni mbele, kwenye pedeli, lenye meno 40, na kubwa kati ya yale ya gurudumu la nyuma lilikuwa na meno 42, hivyo kwa kila mzunguko wa pedeli gurudumu la nyuma halikutimiza mzunguko mmoja. Gia hizo zinatosha kwa mtu mwenye mazoezi. Hata hivyo niliomba nibadilishiwe, nikapewa yenye maduara mawili mbele, meno 46 na 30, na kubwa la nyuma lenye meno 34. Ukigawa 30 kwa 34 unapata gia nyepesi zaidi kuliko ile ya kwanza, na tofauti hiyo inayoonekana ndogo kwenye karatasi niliishukuru kila siku. Yeyote anayeagiza huduma hii aulize idadi ya meno kabla ya kuuliza lolote kuhusu hoteli.

Matairi yalikuwa ya upana wa milimita 40, yasiyo na tyubu, yenye maji mazito ndani yanayoziba tundu dogo papo hapo. Sikupata pancha hata moja, ingawa mawe ya eneo la Chianti ni makali. Mwenye duka alinishauri nipunguze upepo kuliko nilivyozoea, na alikuwa sahihi: tairi likiwa gumu mno linaruka juu ya kila kokoto, mikono inachoka, na kwenye miteremko breki zinashika gurudumu ambalo haligusi ardhi vizuri. Breki zilikuwa za diski, jambo ambalo ningelifanya sharti.

Kutoka Gaiole njia inaelekea Brolio, kwenye ngome ya ukoo wa Ricasoli, ambao mmoja wao, Bettino Ricasoli, alikuwa waziri mkuu wa pili wa Italia baada ya Cavour. Barabara nyeupe hupanda huko kati ya misaipresi, na siku ya tukio la Oktoba huwashwa taa ndogo pembeni kwa ajili ya wanaopita kabla ya mapambazuko. Baada ya hapo misitu ya mialoni inapungua na mandhari inafunguka, hadi Buonconvento na mlima mrefu unaopitia Castiglion del Bosco kuelekea Montalcino. Mlima huu ndio ulionipendeza kuliko yote, kwa kuwa una pumziko katikati na kivuli cha kutosha, na unapofika juu unaliona bonde la Orcia lote, lililoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2004.

Kipande kigumu kipo upande wa kurudi. Kati ya Asciano na Castelnuovo Berardenga kuna Monte Sante Marie, kilomita 11.5 za changarawe katika vilima vya udongo wa mfinyanzi vinavyoitwa Crete Senesi. Ndicho kipande maarufu cha mashindano ya baiskeli ya Strade Bianche, yaliyoanza 2007 na ambayo humalizikia katika kiwanja cha Piazza del Campo, Siena. Fabian Cancellara aliyashinda mara tatu, na kipande hiki kimepewa jina lake. Mwaka 2024 Tadej Pogačar aliwaacha wenzake hapo na kuendesha peke yake kilomita 81 zilizobaki. Anayefuatilia mbio hizi kwenye televisheni anaweza kudhani ugumu uko kwenye kupanda tu. Mimi niliona miteremko ndiyo inayodai umakini, kwa sababu changarawe mpya hukusanyika kwenye kona, na huko chini mlima mwingine unakungoja bila nafasi ya tambarare. Shusha uzito nyuma, legeza viwiko, punguza mwendo kabla ya kona na si ndani yake.

Mvua inabadilisha kila kitu. Mfinyanzi wa Crete ukilowa unashika matairi, unajaa kati ya gurudumu na fremu, na cheni inaanza kulia. Mwaka 2010 Giro d'Italia, mbio kubwa za baiskeli za kuizunguka Italia, ilipita barabara hizi ikielekea Montalcino siku ya mvua, na Cadel Evans, aliyeshinda siku hiyo akiwa amevaa jezi ya bingwa wa dunia, alifika amepakwa tope mwili mzima. Kampuni yangu ilinipa njia mbadala ya lami kwa siku za mvua, na huo ni ushahidi kwamba waliopanga safari wanaijua ardhi yao.

Monte Amiata ni jambo jingine. Ni volkano iliyozimika, yenye urefu wa mita 1,738, na unaianza kutoka chini kabisa bondeni, karibu na Bagno Vignoni, kijiji ambacho kiwanja chake kikuu ni bwawa la maji ya moto ya asili. Hapa hakuna panda-shuka za Chianti: ni kupanda tu kwa saa kadhaa, kwanza kati ya mashamba, halafu misitu ya chestnati, na juu zaidi miti mirefu ya bichi inayofunika barabara kwa kivuli na baridi, hadi kwenye msalaba mkubwa wa chuma ulio kileleni. Sehemu kubwa ya juu ni lami, na anayetaka changarawe tupu anaweza kuiruka siku hii. Mimi nisingeiacha, ila beba koti, kwani jasho la kupanda linageuka baridi kali wakati wa kushuka.

Malazi yalikuwa katika nyumba za mashambani wanazoziita agriturismo, safi, tulivu, zenye mahali salama pa kufungia baiskeli na bomba la kuiosha. Chakula ni kizuri sana, lakini wasomaji Waislamu wajue kwamba nyama ya nguruwe ipo karibu katika kila sahani ya kuanzia na katika michuzi mingi, hivyo inafaa kuuliza mapema. Pici, yaani tambi nene za huko, kwa mchuzi wa nyanya na vitunguu saumu, jibini ya kondoo ya Pienza na mboga za msimu vinatosha kumshibisha mwendeshaji. Maduka ya vijijini hufungwa mchana kwa saa kadhaa, kwa hiyo nunua matunda na mkate asubuhi.

Kasoro zilikuwepo. Siku moja mizigo ilifika usiku, nikakaa na nguo za jasho hadi baada ya chakula. Ramani yao iliniongoza mahali pamoja kwenye lango lililofungwa la shamba la mtu, na simu ya dharura ilipokelewa baada ya kupiga mara kadhaa. Waliomba radhi na kuahidi kuirekebisha ramani, lakini njia inayouzwa inapaswa kuendeshwa na muuzaji kila msimu.

Bei za kukodi nilizokutana nazo zilikuwa kati ya euro 40 na 60 kwa siku kwa baiskeli peke yake, na huduma kamili ni ghali zaidi kwa mbali. Ikiwa fedha ni kidogo, kodi baiskeli, fuata vibao vya L'Eroica na ujitafutie malazi. Gari la mizigo ndilo utakalolikosa, hasa siku ya Amiata. Ukichoka, Buonconvento na Asciano zina stesheni, na treni za mkoa hupokea baiskeli kwa nyongeza ya euro 3.50. Nenda Aprili hadi Juni mwanzoni, au Septemba. Julai na Agosti jua la Crete Senesi halina kivuli cha kulikimbilia.