Goti likiuma: tangawizi au manjano?

Mama huchemsha tangawizi, shangazi haachi manjano. Wote wawili magoti yanawasumbua, na ubishi wao hauishi.

Tangawizi mbichi ipo kila genge na unakiona unachonunua: ivunje, harufu ipande puani, nyuzi zijitokeze. Unga wa manjano hauaminiki hivyo. Mwaka 2019 watafiti walieleza jinsi manjano ya Bangladesh yalivyokuwa yakitiwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae. Ndiyo maana mimi hununua mizizi mikavu nikatwanga mwenyewe, hata kinu kikibaki cha njano wiki nzima.

Kwa kupunguza uvimbe, manjano yanategemea kurkumini, kemikali inayoyapa rangi, ambayo ni kama asilimia 3 tu ya unga, tena mwili huinyonya kwa shida. Pilipili manga na mafuta huisaidia kupita. Kwa hiyo kijiko kwenye maziwa hakilingani na vidonge vya dondoo lake, ambavyo bei yake nayo si ya genge.

Tangawizi humfaa zaidi mwenye maumivu ya hedhi au kichefuchefu. Mwenye kiungulia inaweza kumchoma. Manjano nayo, mwenye mawe kwenye nyongo ayaepuke. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze lolote kati ya haya kabla ya kumwuliza daktari.

Goti likivimba ghafla, likawa la moto na homa juu, acha sufuria jikoni uende hospitali siku hiyohiyo.