Flyfishers' Club ya London: maktaba kwanza, mshipi baadaye

Anayejiunga na klabu hii ya wavuvi wa nzi bandia (ndoana iliyopambwa ifanane na mdudu) ili afundishwe kurusha mshipi tu atakosa nusu ya utamu. Nguvu ya klabu hii, iliyoanzishwa 1884, ni vitabu na mabishano. Anza na kitabu cha mwandishi wa uvuvi Halford (1889), kisha cha mwenzake Skues (1910), usigeuze mpangilio. Wa kwanza anataka nzi bandia aelee mkavu juu ya maji. Wa pili anakuonyesha samaki aina ya trauti wakila tunutu (wadudu wachanga) chini ya maji, kabla wadudu hao hawajaota mbawa. Ubishi huo uliletwa mbele ya wanachama 1938, Skues akiwa na miaka 79, na wavuvi bado wanauchokonoa. (Kwa maoni yetu, Skues alikuwa sahihi.)

Upande wa uhifadhi, muulize mwanachama habari za mito ya chokaa ya kusini mwa Uingereza. Maji yake hutoka ardhini; yakivutwa kupita kiasi, mkondo hupungua kasi, matope hufunika changarawe, na mayai ya trauti hukosa oksijeni. Wewe bana kijino cha ndoana kwa koleo, lowesha mikono kabla ya kumshika samaki, na kausha viatu kabisa kabla ya kuhamia mto mwingine. Soli za viatu za sufu iliyoshindiliwa hukawia kukauka na hubeba vijidudu.