TAHADHARI: Anayejiita "daktari wa meno" na kuharibu meno ya watu hapa Kigoma

Kwa wakazi wa Mwanga, Gungu, Ujiji na maeneo ya jirani. Yupo mtu anayepanga chumba kwa muda mfupi, akijitambulisha kuwa daktari wa meno, na kuuza huduma ya kung'arisha meno na kufunga waya za kuyanyoosha kwa bei ya chini mno. Simtaji kwa jina kwa sababu majina na namba zake za simu hubadilika kila anapohama, lakini njia zake ni zilezile, na hizo ndizo ninazoomba mzitambue.

Hutangaza kwenye makundi ya WhatsApp kwa picha za kabla na baada, kisha hudai malipo ya awali kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Hana risiti wala kadi ya mgonjwa, na hapigi picha ya eksirei.

Mpwa wangu alikwenda kwake kwa ajili ya mwanya, ingawa kwetu wengi huuhesabu mwanya kuwa urembo. Alivalishwa mpira mdogo kuzunguka meno mawili ya mbele, akaahidiwa kwamba mwanya ungefungwa ndani ya wiki tatu. Kwa kuwa jino huwa jembamba kadiri linavyoelekea kwenye mzizi, mpira ule ulipanda taratibu ukazama ndani ya fizi, usionekane tena. Fizi zilivimba na kutoa damu, meno yakaanza kucheza, na binti akashindwa hata kung'ata mhogo. Daktari aliyeutoa alitueleza kwamba mpira wa namna hiyo hukata nyuzi zinazolishika jino na kula mfupa wake, na ukiachwa jino hung'oka lenyewe.

Kunyoosha meno kwa kweli huanza na eksirei na vipimo vya taya, huchukua mara nyingi mwaka mmoja hadi miwili au zaidi, na mgonjwa hurudi kila baada ya wiki kadhaa kurekebishwa waya. Mabingwa wa kazi hii ni wachache nchini, hivyo msishangae mkipewa rufaa ya Muhimbili.

Dawa ya kung'arisha ya mtu huyu imo katika chupa isiyo na lebo. Jirani yangu aliyepakwa aliona ufizi ukigeuka mweupe, kisha ukachubuka, na hadi leo maji ya baridi humtia ganzi. Dawa halali hutumia peroksaidi, yaani kemikali ya kung'arisha, ya kiwango kinachojulikana, baada ya meno yaliyotoboka kutibiwa na fizi kukingwa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu 2012, dawa inayozidi asilimia 0.1 ya haidrojeni peroksaidi hadi asilimia 6 hutolewa kupitia daktari wa meno tu, na si kwa aliye chini ya miaka 18. Lakini chupa isiyo na lebo yaweza kuwa na chochote, hata tindikali, na tindikali hula tabaka gumu la nje la jino, nalo likishalika halioti tena. Waliokulia Arusha, Meru au Singida wenye madoa ya kahawia wajue kwamba madoa hayo yametokana na floraidi nyingi katika maji ya utotoni na yamo ndani ya jino, kwa hiyo hayatoki kwa kusuguliwa.

Kabla ya kufungua kinywa, ombeni kuona leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika yenye jina la mtu aliye mbele yenu, pamoja na usajili wa kituo. Mwenye leseni haoni haya kuionyesha. Asiye na uhakika aanzie Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni.

Waliokwisha kuhudumiwa naye wasivute mpira wala waya wenyewe, kwani huweza kukatika na kubaki ndani ya fizi. Waende hospitali mapema, hata kama hawasikii maumivu. Chupa ya dawa, ujumbe wa malipo na picha za matangazo vitunzwe na kupelekwa polisi.