Jeshi la nchi kavu au Marine: mkufunzi atakutendeaje?

Vijana wanaotaka kujiunga na jeshi la Marekani, liwe la nchi kavu (Army) au Marine, kikosi cha askari wa majini, huuliza hivi kila mara. Kumpiga kuruti ni marufuku kote. Mapenzi naye pia, hata akiridhia: Ibara ya 93a ya sheria ya kijeshi ya Marekani inaruhusu kifungo cha hadi miaka 5.

Tofauti iko kwenye ukali. Mwaka 2020, shule ya askari wa miguu ya jeshi la nchi kavu, kambini Fort Benning, iliacha mapokezi ya kumzingira na kumfokea kuruti, naona walichelewa. Marine hufoka zaidi, kwa wiki 13, ingawa usimamizi uliongezwa baada ya makuruti 6 kufa maji Parris Island, kambi ya mafunzo ya Marine, mwaka 1956.

Ukijifunza vyema kwa kuelekezwa, nenda nchi kavu. Ukihitaji kubanwa, Marine watakufaa.