Nimeangalia wanyama wa bahari ya kale kibandani Kibirizi: uzoefu wangu

Nianze na bei nisikuchoshe: kiingilio shilingi 500, mtoto wa kupakata bure. Kibanda umiza chenyewe, yaani banda la kuangalia video na mpira, kipo Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, si mbali na mwalo wa dagaa, na siku za mpira hupati hata pa kuegemea. Jumanne hakuna mpira, mwenye kibanda kaamua kuweka "wanyama wa kale". Nikaenda na mpwa wangu wa miaka minane, ambaye tangu aone dainosa kwenye jalada la daftari hana habari nyingine.

Kilichowekwa ni Walking with Dinosaurs, ule mfululizo wa BBC wa mwaka 1999, sehemu sita. Ni wa zamani, na kuna mahali ngozi za wanyama zinang'aa kama beseni jipya. Sehemu mbili za mwanzo sikuzifaidi, watu walikuwa bado wanaingia na muuza karanga anakatiza mbele ya skrini. Ya tatu, ile ya bahari, ndiyo iliyonyamazisha kibanda.

Inaanza hivi. Dainosa mla nyama yuko ufukweni, macho kwenye maji, na wewe unajua huyo ndiye mbabe wa hapo. Mara domo linachomoka majini, linamzoa, linarudi naye. Benchi letu zima lilirudi nyuma kwa mpigo mmoja, karanga zikamwagika. Kijana nyuma yangu akapiga kelele, "Si mamba huyo!" Watu wakacheka, ila kile kicheko kifupi cha watu wa ziwani, maana wengi humu wanamjua mtu aliyewahi kufuatwa na mamba akiwa anafua.

Sasa mtafsiri. Kibanda kina kijana anashika maiki na kutafsiri papo kwa papo, na kwa mapigano hana mpinzani. Tatizo, kila kiumbe kwake ni dainosa. Lile domo ni la liopleurodoni, reptilia wa baharini mwenye mapezi manne, na wenzake wa majini nao si dainosa hata kidogo, ni koo nyingine kabisa. Mpwa wangu akaninong'oneza, "Mjomba, anakosea." Nikamwambia nyamaza, tutafukuzwa.

Mtafsiri akafika kwenye vipimo: mita 25, tani 150. Hapo hakukosea, ndivyo filamu inavyosema. Kibanda kikaguna kwa heshima. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango, mvuvi tangu enzi za karabai, akauliza kwa sauti, "Nani kampima?" Hakuna aliyejibu. Akaendelea peke yake: meli yetu ya Liemba ina mita sabini na kitu, kwa hiyo mnaniambia samaki mmoja ni zaidi ya theluthi ya meli? Anakula nini huyo kila siku? Vijana wakamwambia, "Babu, tuache tuangalie."

Kidogo likaja lingine. Ikthiosauri, wale wanaofanana na pomboo, wakaanza kuzaa. Si kutaga, kuzaa, mkia wa mtoto ukitangulia kutoka. Kibanda kikalipuka. Samaki gani anazaa? Wazungu wametuona sisi wajinga? Mama mmoja akasimama kabisa, mkono kiunoni, akidai arudishiwe mia tano yake. Yule yule mzee ndiye aliyemtuliza: "Mama, humu ziwani kuna samaki anawaficha watoto mdomoni, na umewaona kwa macho yako. Kuzaa ndiyo kunakushinda?"

Usiku nilikaa na simu nikasoma, na hapa ndipo ninapotaka ufike nami. Kuzaa, tulikokukataa, kuna ushahidi wa wazi: Ujerumani wamechimba mifupa ya ikthiosauri ikiwa na vijusi ndani ya tumbo la mama. Tena inaingia akilini. Yule si samaki, ni reptilia anayevuta hewa, na yai la reptilia likikaa ndani ya maji kiumbe chake kinakosa pumzi. Kobe wa baharini anapanda mchangani kutaga. Mwenye umbo la pomboo atapanda na nini? Zile mita 25 tulizozigunia kwa heshima ndizo zisizo na ushahidi. Mifupa ya liopleurodoni inayojulikana inatoa mnyama wa mita sita au saba hivi. Bado hutaki kukutana naye unaoga, lakini ni saizi ya mtumbwi.

Ndiyo lawama yangu kwa filamu za aina hii, hata zile mpya zenye picha safi kuliko macho yangu. Sauti ni moja mwanzo mwisho. Lililotoka kwenye jiwe na lililotoka kichwani mwa mchoraji yanasemwa kwa uhakika ule ule: rangi ya ngozi, mlio, hasira. Wangeweka hata neno "huenda" mahali mawili matatu, yule mzee asingebaki peke yake.

Lingine ni la kwetu. Sehemu ile ya bahari imewekwa miaka milioni 149 iliyopita. Mifupa ya Tendaguru, Lindi, ni ya zama hizo hizo, na kibanda kizima kilidhani dainosa ni mambo ya Ulaya na Marekani. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale, wachimbaji na wapagazi wakiwa watu wa kule kule, na mizigo ilibebwa kichwani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao amesimama Berlin leo, kimo mita 13. Mwaka huo huo wa 1913 Liemba ilikuwa inaundwa Ujerumani, ikaja kwetu vipande vipande ndani ya makasha. Mifupa inakwenda, meli inakuja. Nilimsimulia mzee siku ya pili mwaloni, akacheka mpaka akakohoa: "Kwa hiyo meli tulilipia kwa mifupa?"

Turudi kibandani: umeme ulikatika zikiwa zimebaki dakika tano. Aliyewahi kuiona akamalizia kwa mdomo: dhoruba inamtupa liopleurodoni ufukweni, uzito wake mwenyewe unambana mapafu, anakufa. Gizani mle vijana wakaanza kugawana nyama. Mmoja anataka kichwa, mwingine anapigia hesabu madumu ya mafuta, na ugomvi ulikuwa mkali kweli kweli mpaka jenereta ilipowaka. Sijui filamu gani ingenipa hilo nyumbani kwenye kochi.

Ukienda, kaa upande wa mlango, katikati ni tanuri. Beba maji. Mtoto wa chini ya miaka sita usimpeleke, wa kwangu wa minane siku tatu hakutaka kuoga ziwani, ananitaka nitangulie mimi. Sehemu tatu zilizobaki zilitangazwa Jumanne inayofuata, kisha kukatokea mechi, zikasogezwa Jumatano. Hiyo Jumatano nilimkuta mzee ameshakaa, na futi ya fundi cherehani mfukoni.