Katalogi ya maktaba hapa Kisumu: vitabu viko, shida ni venye tunatafuta

Kuna maktaba moja hapa mjini Kisumu iko na katalogi ya mtandaoni, ile unaweza fungua kwa simu ukiwa nyumbani ama ukae kwa kompyuta zao pale karibu na kaunta, na nataka kuiandikia vizuri juu naona watu wanaipa nyota moja wakisema ati haina kitu. Vitu viko, tena vingi. Ni vile tu inatafuta tofauti na tulivyozoea, na maktaba yenyewe haijajisumbua kutufundisha.

Kwanza sifa zake. Ni nyepesi, haili bando, na ukishapata kitabu inakuonyesha kama kiko kwa rafu ama kuna mtu amekiazima na anafaa kukirudisha lini, hiyo peke yake imeniokolea nauli ya kutoka Kondele mara nyingi sana. Programu yenyewe ni Koha, ilianzia New Zealand mwaka 1999 na ni ya bure, maktaba nyingi za vyuo hapa Kenya zinaitumia, kwa hivyo ukiizoea hapa hata kwingine hutahangaika.

Sasa kwa kutafuta ndio kuna kazi. Zile kompyuta zimekaribiana unaona kila kitu jirani anaandika, na karibu kila mtu anaandika sentensi nzima. Juzi kulikuwa na msichana anasoma diploma, ameandika "effects of cage fish farming on fishermen in Lake Victoria Kisumu Kenya", yote hiyo, vile mtu huuliza Google. Hakuna kilichopatikana. Akaongeza "causes and", akidhani akieleza zaidi itamwelewa, ikakataa tena. Ukweli ni kwamba katalogi haikisii kama Google, inataka kila neno umeandika liwe ndani ya rekodi ya kitabu, na rekodi si kitabu chote, ni mistari michache tu, jina la kitabu, mwandishi, mwaka, mada na namba ya rafu. Sasa kila neno unaongeza linapunguza majibu.

"Hebu futa yote uandike fish culture," nikamwambia.

"Hiyo tu, aunty?"

"Hiyo tu."

Vikatoka, page nzima. Tukafungua kimoja, na ndani ya rekodi kuna mada zimeandikwa kwa rangi ya bluu, watu wengi wanadhani ni mapambo, kumbe ukibonyeza hapo inakuletea vitabu vyote vya mada hiyo hata kama jina la kitabu halitaji samaki popote. Vingi vilikuwa 639.3, na hiyo ndio namba ya ufugaji wa samaki kwa mpangilio wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba za mada, kwa hivyo hata ukiwacha kompyuta ukaenda kusimama mbele ya hiyo rafu unapata majirani zake ambao hungewatafuta. Mimi hiyo ndio njia naamini kuliko zote.

Lakini si kila kosa ni la anayetafuta, na hapa ndipo naikata alama. Mzee mmoja wa kutoka Dunga alikuja akitaka kusoma kuhusu omena, mbona inapungua na ile kufunga msimu wa uvuvi inasaidia nani. Akaandika omena, karibu bure. Dagaa, bure kabisa. Tukaandika Rastrineobola argentea, jina la sayansi, na ripoti zikajipanga hapo, zingine ni za utafiti uliofanywa hapa hapa ziwani. Sasa mzee ambaye amevua omena maisha yake yote atajuaje hilo jina? Mbuta ni hivyo hivyo, lazima uandike Nile perch ama Lates niloticus. Hata mahindi, chakula chetu cha kila siku, mada zinafuata orodha ya Library of Congress ya Marekani na huko mahindi ni "Corn", ukiandika maize unapata tu vile vyenye neno hilo limo kwa rekodi na vingine vinabaki vimejificha. Mkulima wa Kitale anaambiwa hakuna kitabu na kiko pale 633.15, namba ya mahindi, kinakula vumbi. Inaniuma sana hiyo.

Na si kitu ngumu kurekebisha. Koha inakubali mkutubi kuongeza maneno kwa rekodi, aweke omena, dagaa, mbuta, ngege, mahindi, gugumaji, yote. Wangeanza tu na vitabu vya ziwa na kilimo, vile watu wa huku wanaulizia kila siku. Pia wabandike karatasi juu ya kila kompyuta, maneno mawili ama matatu, si sentensi. Wadada wa kaunta wanajua haya yote na ukiwauliza wanakusaidia kwa roho safi, lakini wengi wetu tunaona aibu kuuliza, tunaona "hakuna" tunaenda zetu.

Kingine, iko kali kwa spelingi. Ukikosea herufi moja haikuambii ulimaanisha nini. Kama huna uhakika weka kinyota mwisho, kama fish*, italeta fishing, fisheries, fishermen na wenzao. Na neno kama ng'ombe jaribu na kile kialama na bila, juu haikuandikwa kwa njia moja kwa rekodi zote.

Nyota tatu kwa tano kutoka kwangu. Wakiingiza majina yetu nitaongeza ya nne siku hiyo hiyo. Ukienda, andika kidogo, bonyeza zile mada za bluu, na ukishaona namba ipige picha na simu yote mpaka zile herufi za mwisho, juu rafu ya 639 ni ndefu na bila hizo herufi utazunguka hapo mpaka wafunge.