TV mbili Lamu: ya bei kubwa ndiyo iliyotangulia kuzima

Kabla ya Kombe la Dunia la Qatar, mwaka 2022, nilinunua Mombasa televisheni ya inchi 55 kwa shilingi 92,000. Ilikuwa ya kampuni yenye jina, na sababu kubwa ya kutoa pesa hiyo yote ni kwamba nilitaka kitu cha kudumu. Nyumbani kwa mama, mtaa wa Langoni hapa Lamu, kulikuwa na ndogo ya inchi 32 ambayo kaka yangu aliileta wakati wa Kombe la Dunia la 2018, ya shilingi 16,000, ya jina ambalo wengi hawajalisikia. Agosti 2025, CHAN, yale mashindano ya soka ya Afrika, ilipochezwa hapa kwetu Kenya, kubwa ilikuwa imeshazima. Harambee Stars tuliwatazama wakitolewa na Madagascar kwa penalti kwenye ile ndogo, watu wamejaa hadi dakani.

Najua TV mbili za familia moja hazitoshi kutoa hukumu. Ila tangu kubwa ilipozima nimekaa sana kwenye karakana ya fundi, nikaona zinazoletwa na zinazofunguliwa, na sasa nina msimamo: pesa ya ziada unayolipa dukani inanunua picha, sauti na ukubwa. Umri unategemea mambo ambayo hayaandikwi kwenye kile kikaratasi cha bei.

Kubwa ilianza kwa kutoa nukta nyeupe zinazong'aa upande wa chini, kama tatu hivi. Baadaye, usiku mmoja, picha ikakatika na sauti ikaendelea. Taarifa ya habari inasomwa vizuri kabisa, skrini nyeusi ti. Fundi alipokuja alifunga madirisha, akawasha tochi ya simu na kuileta karibu na kioo kwa ubavu. "Angalia hapa, ami." Ndani ya ule weusi nikamwona msomaji habari, amefifia, midomo inacheza. Hapo fundi akajua kwamba paneli, yaani kioo cha picha, ni nzima na bodi ya picha ni nzima. Zilizokufa ni taa za nyuma, wenyewe huziita baklaiti.

Jambo hili linafaa lieleweke, kwa sababu ndilo linaloua nyingi kati ya TV nilizoziona pale. Karibu kila TV tunayouziwa kwa jina la LED ni LCD, yaani kioo chenyewe hakitoi mwanga. Nyuma yake kuna kanda nyembamba zenye vitaa vya LED, na juu ya kila kitaa kuna kifuniko cha plastiki cha kutawanya mwanga. Gundi ikishindwa na joto, kifuniko kinadondoka, na zile nukta nyeupe ndizo dalili yake. Vitaa vyenyewe vimefungwa kwa mfuatano, umeme unatoka kimoja kwenda kingine. Kimoja kikikatika, safu nzima inazima, na mara nyingi bodi ikihisi hitilafu inazizima zote. TV ya 92,000 imelazwa na kitaa cha shilingi chache. Fundi alinionyesha kilichoungua katika yangu: katikati kimekuwa cheusi, plastiki iliyokizunguka imegeuka rangi ya chai, na ule ukanda chini yake umebabuka.

Ya mama iliwahi kupatwa na ugonjwa huohuo, ni lazima niseme. Lakini ilichelewa kuugua, na kanda zake zilikuwepo hapahapa mjini, kwa sababu TV za aina hiyo zimejaa Lamu na kila fundi ana mbili tatu za kuchinja apate vipuri. Matengenezo yote yalikula 2,500 na siku ya pili ilikuwa inawaka. Kanda za yangu ilibidi ziagizwe Nairobi, Luthuli Avenue, na zilipofika hazikulingana na za asili, zikaagizwa nyingine. Jumla ilipita 9,000, mbali na kusubiri. Mimi hili nalihesabu kuwa sehemu ya umri wa TV. Chombo ambacho kipuri chake hakipatikani kimekufa, hata kama kilichoharibika ni kidogo. Umoja wa Ulaya umeliwekea sheria: tangu 2021 mtengenezaji wa televisheni anatakiwa aendelee kutoa baadhi ya vipuri, pamoja na bodi ya umeme, kwa angalau miaka 7 baada ya kuingiza sokoni ya mwisho ya modeli hiyo. Huku kwetu ulinzi wa namna hiyo ni fundi kuwa na stoo nzuri.

Sasa, kwa nini ya bei itangulie? Mwangaza. TV ya bei kubwa huuzwa kwa kung'aa, na dukani huwashwa ikiwa kwenye ile hali iliyoandikwa Vivid au Dynamic, taa za nyuma zikisukumwa hadi mwisho. Ukifika nayo nyumbani bila kugusa mipangilio, huenda inaendelea hivyo kila usiku. Umeme mwingi katika vitaa ni joto jingi, na joto ndilo linalovila. Ya mama ni hafifu tangu ilipotoka kiwandani, na uhafifu huo umeihifadhi.

Wauzaji hupenda kutaja saa 50,000. Ukitazama saa 5 kwa siku, hiyo ni miaka 27, na mtu anatoka dukani amefurahi. Hesabu hiyo kwa kawaida ni ya muda ambao mwanga wa vitaa hupungua hadi nusu katika hali nzuri, na haisemi lolote kuhusu bodi ya umeme. Kwenye bodi hiyo kuna kapasita, vile vikopo vidogo vya mviringo vyenye majimaji ndani, na vina umri wao. Kapasita ya kawaida iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi joto 105 huongeza umri wake maradufu kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10. Ikifanya kazi kwenye nyuzi 75 inafika saa 16,000, na kwenye 65 inafika 32,000. Kwa mtazamaji wa saa 5 kwa siku, tofauti hiyo ya nyuzi 10 ni kati ya miaka isiyotimia 9 na miaka 17 na zaidi. Hakuna bei ya dukani inayokupa miaka minane kwa urahisi kama kuiachia TV nafasi ya kupumua nyuma.

Na nyumba zetu hazisaidii. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa zinanyonya unyevu, na mahali pengine chumvi inachomoza ukutani kama unga. TV ikibanwa kwenye ukuta wa namna hiyo, matundu yake ya hewa yanatazama unyevu na chumvi pamoja. Chumvi huvuta maji kutoka hewani, na maji yenye chumvi yanapitisha umeme. Ikitulia juu ya bodi inaanza kula shaba taratibu. Miguu ya vile vipande vilivyo kwenye bodi inaota ukungu wa kijani, na zile tepe laini zinazounganisha kioo na bodi zikiliwa, mistari ya wima inatokea kwenye picha. Wa Shela wanaoelekea bahari wazi wanalijua hili kuliko sisi, hasa miezi ya kusi. Niliona kwa fundi TV ya huko, ghali kuliko yangu, iliyotundikwa mkabala na dirisha la baharini. Skrubu zake za nyuma zilikatika kutu kabla ya kufunguka. Ya mama iko juu ya kabati, chumba cha ndani, mbali na upepo.

Stima nayo haichagui. Kenya tuna volti 240, na TV nyingi za siku hizi zimeundwa kupokea kuanzia 100 hadi 240, kwa hivyo stima ikiwa hafifu si tatizo kubwa. Hatari ni ile dakika ya kurudi baada ya kukatika, na hatari kubwa zaidi ni waya wa nyutro ukilegea: nyumba inaweza kupata hadi volti 415, na hapo chochote kilichochomekwa kinaungua. Gadi ya TV inakata volti zikipanda, halafu inasubiri stima itulie ndipo irudishe. Ya mama inayo tangu siku ya kwanza, kwa sababu kaka yangu aliinunua pamoja na TV yenyewe. Ningeambiwa nichague kati ya kuongeza 20,000 kwenye bei ya TV na kununua gadi nzuri kwa sehemu ndogo ya hiyo, ningechukua gadi bila kufikiria mara mbili.

Nisiwadhulumu wa bei kubwa, maana wana haki zao. Picha ya ile inchi 55 ilikuwa raha, na ukikaa pembeni rangi hazikugeuka kama zinavyogeuka kwa mama. Fundi pia alinilinganishia bodi mbili za umeme: kwenye yangu, pale stima inapoingilia, kuna kidude cha kumeza volti zikiruka ghafla, kwenye ya bei nafuu aliyokuwa nayo mezani nafasi yake imechorwa lakini imeachwa tupu. Hilo ni jambo la kweli ambalo pesa ililifanya. Shida ni kwamba mnunuzi halioni, kwa kuwa haruhusiwi kufungua mgongo dukani.

Jina nalo lisikudanganye kwamba kila kitu ndani kimetoka kwa mwenye jina. Televisheni nyingi za Philips zinatengenezwa na TP Vision, kampuni iliyo chini ya TPV. Biashara ya televisheni ya Toshiba ilinunuliwa na Hisense. Sony huchukua paneli zake za OLED, zile zinazotoa mwanga zenyewe, kwa wengine. Si aibu, ndivyo biashara ilivyo, ila anayelipa zaidi kwa ajili ya jina alilolijua kwa baba yake ajue anachokilipia.

Kisha kuna umri wa programu, ambao unaweza kwisha kioo kingali kizima. Tarehe 1 Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya televisheni za Samsung za 2010 na 2011, na zile TV zenyewe hazikuwa na kasoro. Anayelipa ziada kwa sababu ya intaneti iliyomo ndani ananunua kitu ambacho kisanduku kidogo cha kuchomeka kinaweza kukifanya, na kisanduku kikizeeka unabadilisha hicho tu.

Waranti sitaisema sana. Yangu ilikuwa imeisha. Lakini hata ingekuwepo, fikiria njia: TV ishushwe kwa mkokoteni hadi gatini, iingizwe boti hadi Mokowe, ipande basi hadi Mombasa, na safari yote isimame wima kwa sababu kioo cha ukubwa huo kikilazwa na kutikiswa kinaweza kupasuka. Kioo kikipasuka hakuna matengenezo, bei ya paneli inakaribia bei ya TV mpya.

Kubwa inawaka sasa na kanda mpya. Fundi alikataa kuruka kile kitaa kilichokufa kwa kipande cha waya, ingawa inawezekana na ni rahisi. Alisema vingine vimezeeka pamoja nacho na vitafuata, akabadilisha zote. Nimeiteremsha baklaiti hadi chini ya nusu, macho yalizoea baada ya muda mfupi na usiku picha inapendeza zaidi. Imetolewa ukutani, ipo juu ya meza, mgongo uko wazi, gadi imechomekwa.

Dada yangu anataka ya kwake kabla ya Ramadhani na ameniuliza anunue ipi. Nimemwambia apite kwanza kwa fundi, amuulize ni modeli gani za inchi 43 ambazo kanda zake anazo stoo, aziandike, na aende dukani na karatasi hiyo. Bei ya kati inamtosha. Kinachobaki aongezee kwenye gadi, na akifika nyumbani, kabla hata ya kutafuta chaneli, aingie kwenye mipangilio ashushe taa.